Mashine Inayojua Kunyamaza

Nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na mitano. Msicheke, ninyi wawili mnaoshika kazi yangu. Daktari wa kliniki ya pale barabarani alinimulika sikio la kushoto kwa kitochi chake, akaniuliza nafanya kazi gani. Nilipomwambia kwamba nakaa chini ya pembe nne za kizindalo, kipaza sauti cha mtaa, tangu nilipomaliza darasa la saba, alizima kitochi, akasema sikio hilo limeshastaafu, na kwamba ni juu yangu kulifuata au kulingoja la kulia. Nimelifuata. Hajati, mwenye kizindalo, alinichinjia kuku na kuwatangazia watu wa Makindye kwamba fundi wake anapumzika baada ya utumishi mrefu. Watu walikuja kumuaga mzee. Waliponikuta mimi, wengine walirudi nyumbani na zawadi zao.

Hajati ameniomba niwaandikie mnayopaswa kuyajua. Kusema mbele za watu sijaweza hadi leo, na ndiyo maana nimedumu katika kazi ya kupaza sauti za wengine. Naandika taratibu, lakini karatasi hainikodolei macho. Kuhusu mshahara hakuna la kuandika. Kuhusu vyeo, nilipandishwa mara moja tu, juu ya mlingoti, kutoa kiota cha ndege kilichokuwa kimeziba pembe inayotazama kambi ya jeshi.

Nilipataje kazi? Hajati Zamzam alikuwa ameshafukuza mafundi watatu, na wote walikuwa na kosa moja: waliipenda maikrofoni. Wa kwanza aliitumia kusalimia wachumba wake mtaa kwa mtaa. Wa pili alianza kuhubiri. Wa tatu alijitangaza kuwa mgombea udiwani wakati Hajati amekwenda kuswali adhuhuri. Basi akamwambia mama yangu, aliyekuwa akikaanga mihogo karibu na mlingoti, kwamba sasa anatafuta mtu asiyependa kusema. Mama akamjibu, "Ninaye mmoja nyumbani, hata salamu lazima umkumbushe." Kesho yake nilikuwa kazini. Hakuna aliyeniuliza kama najua kompyuta. Swali la Hajati lilikuwa moja, naye aliliuliza huku akinitazama mdomo: "Wewe unaweza kukaa kimya?" Nikatikisa kichwa kukubali. Akasema huo ndio usaili.

Kizindalo chetu mnakijua. Ni mlingoti na pembe nne zinazotazama pande nne. Chini yake ni chumba cha mabati chenye meza, amplifaya, kompyuta, printa, betri ya gari ya kutuokoa umeme ukikatika, na maikrofoni ambayo Hajati ameivisha leso ya marehemu mumewe ili pumzi isipige upepo. Wenye redio za mjini wanatucheka. Lakini mtoto akipotea Makindye, hakuna mama anayekimbilia redio za mjini. Anakuja kwetu. Wanakuja pia wenye sangara wabichi, watu wa chanjo, watu wa maji wanaokuja kusema maji yatakatika baada ya kuwa yameshakatika, na wenye msiba.

Mwalimu wangu alikuwa Hajati mwenyewe. Babu yake alikuja Uganda na askari wa Kisudani enzi za wakoloni, baba yake alikuwa sajini, na Kiswahili chake ni cha kambini, hakina muda wa kupanga ngeli. Alinifundisha kufuta vumbi kwenye nyaya kwa kitambaa kikavu, kusikiliza amplifaya kwa kiganja kabla ya kuisikiliza kwa sikio (ikichemka, ipumzishe), na kutogusa betri nikiwa nimelowa. Hayo mtajifunza kwa juma moja. Jambo lililonichukua muda mrefu ni kimya.

Msiba una utaratibu wake hapa kwetu. Hajati hutaja jina la marehemu mara mbili, halafu nyumba, halafu mahali pa maziko na saa. Kisha huinua mkono. Hapo fundi husimamisha kila kitu, muziki, matangazo, hata feni, lakini haizimi amplifaya. Pembe hubaki wazi. Hutoka mvumo mwembamba tu, na kwa mvumo huo mtaa mzima hujua kuna mtu ameondoka. Vijana wa boda boda kwenye steji, pale wanapongojea abiria, huzima pikipiki. Wanawake huacha kutwanga. Hata mwenye baa ya kona, ambaye hajawahi kumpunguzia mtu sauti, hupunguza. Kimya huendelea hadi Hajati ashushe mkono. Mwislamu, Mkatoliki, mtu wa Gulu, mtu asiyesali popote, wote hupewa kimya kilekile.

Siku za kwanza alinifanyisha mazoezi kwa kumtangaza jogoo wake aliyegongwa na pikipiki, pembe zikiwa zimefungwa bila shaka. Alimtaja jina mara mbili. Nilimuuliza kwa nini nisizime tu amplifaya, si ni kimya vilevile? Akasema kuzima ni kumfukuza mtu. Nikamuuliza anajuaje kwamba muda umetosha. "Mimi nangoja mpaka namaliza kumuona uso," akasema, na alikuwa bado anamtazama jogoo.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi, na sehemu kubwa zilihusu mbuzi. Tulitangaza mbuzi mmoja aliyeokotwa, wakaja wenyewe wawili, kila mmoja akimuita kwa jina lake, na mbuzi akaitikia yote mawili. Alikuja pia bwana mmoja aliyetaka tutangaze kwamba mke wake ametoroka na asipewe makao na mtu yeyote. Hajati alimkaribisha kiti, akamwambia sawa, lakini utaratibu ni kuanza na sababu, kwa hiyo aeleze kwanza yeye alimfanya nini. Bwana yule alikumbuka kuwa ameacha sufuria jikoni.

Wakati huo kompyuta yetu ilikuwa ile kuukuu. Mfumo wake tuliuwekewa na fundi wa mjini kutoka kwenye sidii ambayo hakuna aliyeuliza imetoka wapi, na kwa sababu kila mteja alileta tangazo lake kwenye flashi, virusi vilikuwa vingi kuliko nyimbo. Ilikuwa ikikohoa, lakini ilikuwa ikifika.

Halafu akaja Brian.

Brian alikuwa wakala wa kampuni moja ya nje ambayo jina lake silitaji, maana wana wanasheria na mimi nina sikio moja. Alivaa viatu vilivyochongoka, alimuita Hajati "mama yetu" na mimi akaniita "braza". Alikuja na mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, na mwenyekiti alikuwa amevaa jezi mpya ambayo kampuni ilikuwa imeipa timu ya mpira ya mtaa. Yeye hachezi mpira, na jezi ililijua hilo hasa maeneo ya tumboni. Akasema maendeleo yamefika.

Maendeleo yalikuwa kompyuta nyeusi inayong'aa, zawadi kwa vizindalo vyote vya kusini mwa Kampala. Brian alieleza kwamba mfumo endeshi umo tayari ndani yake, umetengenezwa na kampuni yenyewe, hakuna cha kuweka wala cha kutoa. Nilikuwa sijui mfumo endeshi ni nini. Ni ile programu kubwa inayoiamsha kompyuta na kuziamuru nyingine zote zilizomo. Masharti yalikuwa mawili tu: laini ya intaneti isitolewe kamwe, na mfumo usiguswe, ndiyo maana kulikuwa na stika ya muhuri. Hajati aliuliza kwa nini zawadi ina kufuli. Brian alicheka kile kicheko ambacho watu hucheka wakiulizwa swali zuri na bibi.

Asubuhi ya kwanza, kabla hatujaigusa, mashine ilituamkia kwa Kiingereza kupitia pembe zote nne, kwa sauti ya mwanamke aliyelala vizuri. Ikawaambia watu wa Makindye hali ya hewa ya mji ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuusikia. Nilitafuta pa kuizuia, sikupaona. Wiki hiyohiyo Hajati alikuwa akitangaza chanjo ya watoto. Alisema akina mama wote wenye watoto wachanga waje kesho asubuhi pale, na kabla hajasema pale ni wapi, mashine ikaamua kujiboresha. Sauti ikakatika, skrini ikaonyesha kiduara kinachozunguka, na kikazunguka hadi ndizi zikaiva kwenye vibanda. Kesho yake akina mama na vichanga vyao walijazana kwenye lango la kambi ya jeshi, maana ndipo pale pekee ambapo kila mtu anapajua. Wanajeshi walikuwa wapole. Mmoja alishika watoto wawili.

Nilimwandikia Brian ujumbe kwenye simu kumuuliza kujiboresha huko kunazuiwaje. Alijibu kwamba hakuzuiwi, ni kwa usalama wetu, kunatukinga na virusi. Nikamwandikia kwamba virusi vya zamani vilikuwa vinatuacha tumalize sentensi. Tulipiga namba ya huduma kwa wateja, tukaambiwa simu yetu ni muhimu sana. Tuliambiwa hivyo mara nyingi mfululizo.

Mzee Abdallah alifariki alfajiri. Alikuwa mwalimu wa madrasa, na nusu ya wanaume wa Makindye, hata wale ambao hawakuwa Waislamu, walikuwa wamewahi kuonja fimbo yake. Maziko yalikuwa baada ya swala ya alasiri. Mwanawe Rajabu, askari polisi, alikuja mwenyewe na sare zake kuleta habari, akasimama nje ya dirisha letu kusikiliza.

Hajati alitaja jina mara mbili. Akataja nyumba, makaburi na saa. Akainua mkono. Nikasimamisha kila kitu. Pikipiki zilizimwa steji, moja baada ya nyingine. Rajabu alivua kofia.

Sasa, mashine ile ilikuwa na akili zake. Ilipoona hakuna kinachochezwa, ikadhani tumekosa la kusema, ikatusaidia. Kwanza ngoma. Halafu vifijo vya uwanja wa mpira. Halafu kijana mwenye sauti ya asali akauambia mtaa mzima kwamba hujachelewa bado, weka dau lako leo, mshindi wa leo anaweza kuwa wewe. Nikabonyeza pa kulizima tangazo. Kitufe kilikuwa cha kijivu, na chini yake maandishi yalisema nitaweza kuruka tangazo baada ya muda mfupi. Nikang'oa waya wa amplifaya. Pembe zikatoa mlio kama paa la bati linalopasuka, na hivyo ndivyo Mzee Abdallah alivyoagwa na Makindye: kwa kamari na kishindo.

Rajabu alivaa kofia yake polepole, akaingia ndani. Hakupandisha sauti.

"Hajati," akasema, "baba yangu hakucheza kamari hata siku moja."

Akatoka. Hajati, ambaye ana jibu la diwani, la sheikh na la mbuzi, alifunga dirisha.

Mwenyekiti aliitisha kikao. Brian alikuja na kompyuta yake ndogo na picha za kuonyesha ukutani. Alieleza kwamba mfumo umefanya kazi kama ulivyoundwa: kituo kikikaa kimya muda mrefu, unajaza pengo ili wasikilizaji wasikimbie.

"Nani alikuambia hiyo ni pengo?" Hajati akamuuliza.

Brian akasema ndivyo wanavyoita kitaalamu. Mwenyekiti akasema tusiilaumu kampuni, kwa kuwa wahudumu wa kizindalo hawakuhudhuria mafunzo. Ilikuwa mara ya kwanza kwetu kusikia kwamba kulikuwa na mafunzo, na nadhani kwa mwenyekiti pia. Uamuzi ukatolewa: kizindalo kiendelee na samaki, maji, chanjo na mbuzi, lakini kisitangaze vifo hadi itakapoamuliwa vinginevyo.

Najua kuna watakaosema ni afadhali, ni matangazo machache tu. Hawakumwona Hajati siku zile. Alikuwa akisoma bei ya sangara kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe. Kwake matangazo mengine yote yalikuwa ya kuuweka mlingoti wima, na msiba ndio uliokuwa kazi. Aliniambia, "Wakichukua hiyo, mimi nabaki mama wa kuuza samaki, na samaki si yangu." Alianza kusema kwamba atauza pembe.

Watu nao walianza kuondoka bila kuagwa. Mama Akello, mjane wa mwanajeshi, aliyekuwa akiwapikia uji watoto wa mstari wake wote wa vyumba, alifariki, ndugu zake wakaja na gari kumpeleka kwao Kitgum. Majirani wa mstari wa pili walijua walipoona kufuli mlangoni. Walikuja kwetu na hasira, wakimuuliza Hajati kwa nini hakusema. Alinyoosha kidole upande wa nyumba ya mwenyekiti, akaingia ndani.

Ndipo nilipokwenda Kansanga, mtaa wa jirani, kumtafuta Papa Jules. Ni fundi wa kompyuta, Mkongo wa Bukavu, ana kibanda nyuma ya maduka ya simu. Nilikuwa nimesikia kwamba ana dawa ya mashine zenye kiburi. Dawa alikuwa nayo kweli, ila huwezi kuipata bila kusikiliza historia yake kwanza. Nilikaa kwenye kigoda, akanieleza kwamba ugonjwa haumo kwenye mashine, umo kwa bwana aliyewekwa ndani yake. Mfumo wa kampuni umefungwa, hujui unatumwa na nani. Mfumo huria, kama Linux, uko wazi, mtu yeyote anaweza kuufungua, kuusoma, kutoa asichokitaka. Unatengenezwa na watu wa dunia nzima ambao, kwa maelezo yake, hawalali wala hawaoi. Alisema neno "uhuru" mara nyingi kiasi kwamba mwenye duka la jirani alifunga dirisha akidhani ni mkutano wa siasa.

Alikuja Makindye na flashi moja na ndevu zake. Mashine ya Brian ilikuwa na muhuri, kwa hiyo tuliitoa stoo ile kompyuta yetu kuukuu. Papa Jules alifuta kila kilichokuwamo, virusi na kikohozi chake, akaiwekea Linux. Ilipoamka haikutusalimia. Hajati akasogea karibu, akaitazama, akasema inafanana na mtu mwenye adabu.

Tatizo ni kwamba adabu ilizidi. Tuliweka wimbo, haikutoa sauti. Tukaweka maikrofoni, kimya. Papa Jules alifungua kidirisha cheusi akaanza kuandika maneno, akaandika, akaandika. Kwanza alisema ni kadi ya sauti. Baadaye ikawa amplifaya, halafu umeme wa Uganda. Kufikia mchana ilikuwa ukoloni. Hajati alileta chai, akaketi.

"Papa Jules, ile ya Brian inasema bila kuulizwa. Hii yako inaulizwa na haisemi. Sasa mimi nachagua bubu ama mlevi?"

"Maman, subira."

"Subira niko nayo. Sauti ndiyo sina."

Akainama kuchukua kikombe chake kilichokuwa kando ya skrini, akabaki ameinama. Akasema skrini inanong'ona. Tulikaribia. Kweli, kwenye vispika vidogo vya skrini, ambavyo hatukujua kama vipo, wimbo ulikuwa ukilia tangu asubuhi kama mbu aliyefungiwa chupani. Mashine ilikuwa ikituma sauti huko badala ya kuituma kwenye amplifaya. Papa Jules alisema ndiko alikokuwa akielekea. Aliigeuza njia, na kwa kuwa wakati wa kuhangaika alikuwa amepandisha sauti hadi mwisho, rumba ya Kikongo ilitoka pembe zote nne kwa nguvu ambayo haijawahi kusikika kusini mwa Kampala. Kambi ilimtuma askari kuja kuuliza kama kuna mapinduzi. Alipoambiwa hakuna, aliomba wimbo urudiwe.

Brian alikuwa amesikia pia. Alikuja na mwenyekiti, na safari hii alileta habari za toleo la dhahabu, ambalo halina matangazo ya kamari. Hajati aliwaketisha wote, Brian upande mmoja na Papa Jules upande mwingine. Wote wawili walikuwa wamejiandaa kuhutubia. Aliwauliza swali moja.

"Mimi nikiinua mkono, nani mwingine anaweza kusema?"

Brian alisema hakuna, kabisa hakuna, isipokuwa wakati wa dharura, na pengine taarifa muhimu za kampuni.

"Muhimu kwa nani?"

Brian alitazama viatu vyake, ambavyo vilikuwa vinaelekea mlangoni. Hajati akamgeukia Papa Jules. Nilijua tumeshaupoteza mchana. Lakini Papa Jules aliitazama ile leso kwenye maikrofoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alijibu kwa ufupi.

"Hakuna, Maman. Hata mimi. Kila kinachoweza kusema chenyewe nimekitoa, na laini ya intaneti nimeing'oa. Ukitaka kuona, kaa nikuonyeshe kimoja kimoja."

Hajati alikaa akaonyeshwa. Hakuelewa hata robo, alikiri mwenyewe, lakini alisema mtu anayekufungulia nyumba yote mpaka chooni ni tofauti na anayekupokea barazani. Akaifuta vumbi mashine ya Brian kwa kitambaa kikavu, akamrudishia. Brian akatuonya kwamba tutakosa msaada wa kampuni. Nilitaka kumwambia kwamba simu yake ni muhimu sana, lakini mnanijua. Mashine ile aliipeleka kwenye kizindalo kimoja cha upande wa Kansanga, na nasikia mpaka sasa watu wa kule wanaamshwa kwa Kiingereza.

Msidhani Linux ni malaika. Sauti ikipotea, angalieni kwanza imetumwa wapi kabla ya kulaumu ukoloni. Kuiboresha mnaiboresha ninyi, kwa flashi ya Papa Jules, siku mnayotaka ninyi. Nawashauri Jumapili asubuhi, wakati spika za makanisa zimeshika mtaa na hakuna atakayewasikia mkikosea. Flashi za wateja zipokeeni bila woga, lakini kalenda za wateja wanaotaka kuchapishiwa zitawatesa, maana printa yetu bado inapenda mabwana wa zamani. Mkikwama, Papa Jules atawajibu. Kaeni chini kwanza, jibu lina utangulizi.

Tukawa basi na mashine inayojua kunyamaza, na hatukuwa na ruhusa ya kumnyamazia mtu. Mwenyekiti alishikilia kwamba uamuzi ni wa kikao, haukutaja aina ya mashine. Hajati alikwenda mara mbili kuomba kikao kingine, akaambiwa wajumbe wana shughuli. Siku moja nilitaka kuijaribu, nikaacha pembe wazi kidogo baada ya tangazo la sangara. Watu watano walikuja mbio kuuliza nani amekufa. Hajati alinikataza. Alisema hicho si kitu cha kuchezea, na samaki hana ndugu hapa. Wiki iliyofuata alimwita mnunuzi kuja kuzitazama pembe. Mnunuzi alipanda, akazigonga kwa kidole, akasema atarudi na ngazi nzuri zaidi.

Kabla hajarudi, mwenyekiti alikuja. Alikuja peke yake, kwa miguu, bila jezi. Aliketi kwenye benchi la wateja kama mtu aliyepoteza mbuzi. Akasema kwamba senga yake amefariki, yule shangazi aliyemlea, aliyeuza makaa sokoni miaka yote ile hadi uso wake ukachukua rangi ya kazi. Watu wa soko walikuwa bado hawajajua, na gari la kwenda kijijini kwa maziko lingeondoka mchana. Kizindalo cha Kansanga kilikuwa tayari kumtangaza, Brian mwenyewe alikuwa amempigia.

Nilingoja Hajati amkumbushe uamuzi wa kikao. Niwaambie kweli, mimi mwenyewe nilikuwa nimeshalipanga lile neno mdomoni, na lingekuwa neno langu la kwanza la hadharani. Hajati alimuuliza tu jina kamili la marehemu, na kijiji.

Mwenyekiti akataja. Kisha akaitazama meza, akauliza kwa sauti ndogo, "Ni mashine gani?"

"Ile inanyamaza," Hajati akasema, akavuta maikrofoni.

Alitaja jina mara mbili. Akataja nyumba, kijiji, na saa ya gari kuondoka. Akainua mkono. Nikasimamisha kila kitu, nikaitazama skrini kama mtu anayemtazama mbwa asiyemjua. Haikufanya lolote. Pembe zilivuma kule juu. Steji pikipiki zikazimika. Sokoni, ambako huwa hakunyamazi hata mvua ikinyesha, kelele zilipungua upande wa makaa kwanza, halafu upande wa nyanya, halafu kote. Mwenyekiti alikuwa amesimama, viganja vyote viwili juu ya meza.

Hajati akaanza kushusha mkono.

"Hajati," mwenyekiti akasema, "usishushe bado."

Akaurudisha juu.

Mnunuzi wa pembe alipokuja na ngazi yake tulimpa chai, si pembe. Msiba mwingine ulikuja juma hilohilo, tukautangaza, na hakuna aliyetuuliza kitu. Lakini kikao hakijaitishwa hadi leo, na ule uamuzi haujafutwa. Kwa hiyo ninyi mnaoanza mjue kwamba kila mnapotangaza maiti hapa Makindye mnavunja amri halali ya mtaa, na mwenyekiti anajua. Endeleeni kuivunja.